Masika Bila Sauti

Jumapili, 1 Machi

Jua kali. Mawingu machache upande wa Ngong, ya kutudanganya tu.

Nimeanza shajara hii kwa sababu ya filamu. Juzi nilitazama moja ya nahodha wa meli inayopasua barafu, na kila jioni mzee yule huandika hali ya hewa kwanza, halafu mambo ya watu. Nikajiuliza mimi nimeshindwa na nini. Sina meli, lakini nina nyumba, mke, wapangaji wagomvi na muda mwingi tangu nilipokodisha duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Uthiru. Wangui, mke wangu, anasema nitaacha kabla ya Pasaka. Nimeyaandika maneno yake ili baadaye aaibike.

Wanaume wa rika langu hutazama habari na mieleka. Mimi ni filamu za hali halisi. Nyani, madaraja, volkano, watu wanaovuna chumvi, wazee wanaotengeneza saa: nipe chochote cha kweli chenye msimulizi wa kunieleza, nami sitatoka kitini. Nimefika kila pembe ya dunia bila kuvua makubadhi.

Na nimefika huko pamoja na Shiko, binti yetu wa pekee. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio kabla hajaanza shule. Sasa ni mwanamke mzima, mwokaji wa keki katika mkahawa mmoja Spring Valley. Jioni akirudi huketi kwenye zulia, mimi nikisikiliza, yeye akisoma maandishi ya chini. Filamu ikiisha ananiandikia kwenye simu yale ambayo anadhani msimulizi hakuyasema. Kuna ile ya wafugaji wa nchi za theluji, ambayo nimeitazama mpaka nimeikariri. Msimulizi anasema yule baba mzee anafurahi kumwachia mwanawe kundi. Shiko anasema hafurahi hata kidogo. Tumebishana juu ya mzee huyo tangu Shiko akiwa shule ya upili, na kusema kweli hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Ijumaa, 6 Machi

Jua. Hakuna jipya. Filamu ya pweza. Shiko anasema pweza ana akili kuliko mpangaji wetu wa chumba cha pili.

Jumamosi, 14 Machi

Manyunyu ya kwanza. Hata vumbi halikutulia.

Shiko ameleta mwanamume nyumbani. Anaitwa Maxwell Mwololo, Mkamba, fundi wa vitanda na makabati mwenye karakana yake Jamhuri. Kijana mrefu, nadhifu, mikono mipana. Naye ni kiziwi.

Hilo sikuambiwa mapema. Wangui alijua; mimi nilijua tu kwamba kuna mgeni. Nilimsalimu kwa sauti, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mpangaji mmoja akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwekea filamu ya daraja na nikaongeza sauti, nikijiambia huenda ataambulia chochote. Akatazama kwa adabu.

Chakula kikaja, nikasimama kuomba. Mimi nikiomba naomba kweli, sikimbizani na ugali. Nilikuwa nimepita wagonjwa na serikali, nimefika kwenye bei ya simenti, niliposikia kicheko kilichobanwa. Nikafungua jicho moja. Shiko na Maxwell walikuwa macho kodo, mikono yao ikipiga soga juu ya sahani, wanatabasamu, na Mungu amewekwa pembeni asubiri wamalize.

Nilikata sala palepale. Sikusema amina. Nilikula haraka, nikaenda kulala mapema kuliko kuku, na sijutii.

Jumapili, 15 Machi

Mawingu mazito, mvua hakuna.

Baada ya kanisa Wangui amenieleza. Anasema nilipokuwa nikiomba, yeye alikuwa akiwapitishia sala kwa lugha ya ishara, na wao walitabasamu kwa sababu ya simenti.

"Wakifunga macho wataomba na nani, Baba Shiko?" akaniuliza. "Wewe ukiomba unaziba masikio?"

Nikamwambia nyumba hii imeomba kwa macho yaliyofungwa tangu nyanya yangu abatizwe, na kijana asiye na adabu mbele ya Mungu hatakuwa nayo mbele ya mke. Akaenda kuanika nguo chini ya mawingu yale, kwa hasira tu.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua imekuja. Imepiga mabati tangu saa kumi. Mifereji ya kwa jirani imefurika, yetu bado.

Shiko amenipa simu nisome. Ameandika: Watu wa kwao Maxwell wanataka kuja kubisha hodi, kuniposa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Mei. Mama amekubali. Wewe je?

Sikulala na neno. Nilimjibu papo hapo, kwa vidole hivi viwili ninavyotumia kuandika. Nilimwambia sina ubaya na Maxwell wala na Wakamba. Lakini mmoja akiwa hasikii, mwingine awe na masikio. Mkipata mtoto, usiku akilia, nani atamsikia?

Alisoma. Akasoma tena. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaweka simu mfukoni, akaenda zake. Filamu ilikuwa ya nyuki. Nilitazama peke yangu, nikalala kitini kabla malkia hajazaliwa.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Shiko hajaketi kwenye zulia wiki nzima.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena.

Wangui, shajara bado ipo.

Shiko alileta keki kutoka kazini, akatukatia wote vipande, changu kikiwa kikubwa kama kawaida. Ananiamkia, ananipa chai, anaondoka. Hajanikosea adabu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Nimetazama filamu ya tembo wanaorudi mahali ndugu yao alipofia. Nikageuka kumwonyesha Shiko kwa kidole, na zulia lilikuwa tupu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua ya radi. Stima ilipotea jana usiku.

Imerudi leo kwa nguvu, ikapiga televisheni. Picha ipo, sauti imekufa kabisa. Fundi aliifungua, akaipulizia vumbi, akasema kuna kifaa kinachohitajika na huenda kikachelewa. Nikamuuliza mtu anatazamaje kitu kisicho na sauti. Alimtazama Shiko aliyekuwa akipita na kikombe, akaanza kukusanya bisibisi zake. Nilijiona mpumbavu.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Nimejaribu filamu ya volkano bila sauti, nikiwa na miwani ya kusomea. Kichwa kinauma. Maandishi yanakimbia; nikiyasoma sioni moto, nikitazama moto siyasomi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua kutwa. Barabara ya kwenda kwa chifu haipitiki.

Kwa kukosa la kufanya nimeweka ile ya wafugaji wa theluji. Hiyo sihitaji kusoma wala kusikia, naijua. Kwa hiyo leo nilitazama tu.

Mzee anampa mwanawe kamba ya mnyama anayeongoza kundi. Hapo ndipo msimulizi husema, kwa ile sauti yake ya asali, kwamba mzee anafurahi kupumzika. Leo asali haikuwepo. Niliona mkono wa mzee umeishika kamba hata baada ya mwana kuichukua. Kijana anaivuta kidogo, kwa heshima. Ndipo mzee anaachilia, anageuka, anajifanya anafunga kiatu ambacho tayari kimefungwa. Nimeitazama filamu hii miaka yote hiyo na sijawahi kukiona kiatu hicho.

Nilikuwa nikiambiwa cha kuona, nami nikiridhika. Niliwaza ni mangapi mengine duniani niliyoyasikia vizuri na sikuyaona.

Shiko aliporudi kazini nilimwandikia: Ulisema kweli. Yule mzee hafurahi.

Akajibu: Najua. Hata wewe hufurahi.

Kisha akaandika tena: Jumamosi ijayo kuna filamu katika ukumbi Jamhuri, saa nane. Imetengenezwa na viziwi. Ukitaka.

Nikamwandikia kwamba siku hiyo nina shughuli. Sina shughuli yoyote.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua kubwa kuanzia saa saba.

Nimekwenda. Nilimwambia Wangui naenda barabara ya Ngong kutafuta kile kifaa cha televisheni. Nataka kuandika yote kabla sijapunguza chochote, maana najijua.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia koti langu likidondosha maji sakafuni. Kimya cha masikio tu, maana mikono ilikuwa na kelele za soko. Watu walisemezana kutoka ukutani hadi ukutani, vichwa vya wengine katikati bila kuwasumbua. Nikaketi nyuma kabisa, kando ya mama mmoja wa rika langu mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Shiko nilimwona mbele, karibu na pazia jeupe. Nikajikunja ili asinione.

Kijana mmoja akapanda jukwaani, akainua mikono, watu wote wakasimama. Nikaelewa ni sala. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa, nikainamisha kichwa, nikangoja. Nikangoja sana. Nikaguswa begani.

"Mzee, fungua macho," yule mama akaninong'oneza. "Walishaomba kitambo. Watu wameketi."

Kweli, katika ukumbi mzima nilikuwa nimesimama peke yangu. Sala ilikuwa imepita mbele yangu yote na sikupata hata neno moja. Nimekuwa Mkristo maisha yangu yote na sijawahi kukosa amina. Niliketi uso ukiwaka moto, nikakumbuka meza yetu na kichwa changu kilichoinama, na mwanangu ambaye nilitaka aombe akiwa gizani. Niliona aibu, aibu halisi, ya kutaka kuingia chini ya kiti.

Filamu ikaanza. Iliwahusu mke na mume, wote viziwi, na mtoto wao wa kunyonya, katika chumba kimoja huku kwetu magharibi mwa jiji. Hapakuwa na msimulizi. Waliongea kwa mikono, na maandishi ya chini yalikuwa madogo. Nami miwani niliiacha kwenye meza ya televisheni. Basi watu wakacheka nisijue wanacheka nini. Wakapangusa machozi nisijue wanalilia nini. Yule mama akanihurumia, akaanza kunieleza polepole. Mikono yake ilijua lugha ile vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Nikauliza kile nilichokuja kuuliza. Nikamwambia, na huyo mtoto usiku je?

"Subiri utaona," akasema.

Nikaona. Kulikuwa na taa iliyofungwa kwenye kitanda cha mtoto, ambayo huwaka kukiwa na kelele. Lakini si taa iliyonishika. Ilikuwa asubuhi, mtoto ameamka kabla ya mama yake. Hakulia. Alinyoosha mkono akampigapiga mama shavuni, taratibu, mpaka mama akafungua macho. Mtoto yule alikuwa amekwisha kujua kwamba watu wake huitwa kwa kuguswa.

"Mimi nina masikio mawili," yule mama akaniambia, "na wangu alilia usiku mzima akiwa na ile homa iliyomziba masikio, nikadhani ni meno yanatoka. Kusikia nilisikia, Mzee. Sikuamka kumwangalia." Alisema hivyo bila kunitazama.

Ndipo stima ikapotea. Kwetu stima ikipotea watu hupiga kelele, halafu huendelea na maneno yao gizani. Pale kila neno lilikatika. Giza liliwafunga wote midomo kwa mpigo mmoja. Kisha simu moja ikawashwa, na nyingine, na nyingine, na kila aliyewasha hakujimulikia mwenyewe. Alimulikia mikono ya mwenzake. Yule mama akanipa simu yake. "Nimulikie, niongee na mwanangu pale," akasema, na akamwonyesha kwa kidole kijana mrefu mwenye mikono mipana. Alikuwa Maxwell. Kwa hiyo nilikuwa nimeketi na mama yake, Kalekye, niliyemjua kwa jina tu, na nilikuwa nimeshika taa yake.

Kando ya Maxwell alikuwa Shiko, uso wake kwenye mwanga, akiongea. Sijui kulieleza vizuri. Sijawahi kumwona mwanangu akiongea upesi hivyo. Alikuwa anatania, anakatiza watu, anaigiza mtu fulani mnene, watu wanashika mbavu. Nyumbani huniandikia polepole, maneno machache machache, jinsi mtu anavyoongea na mgeni asiyejua lugha. Siku zote nilidhani Shiko ni binti mpole.

Kalekye akaniuliza nimemfuata nani. Nikamwambia nilikuwa napita nikajikinga mvua. Nilimrudishia simu stima iliporudi, nikaondoka kabla ya mwisho, nikanyeshewa hadi Uthiru. Wangui aliuliza kifaa kiko wapi. Nikamwambia sikukipata.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Mchungaji alipoomba sikufumba macho. Inashangaza ni wangapi hawafumbi.

Ijumaa, 1 Mei

Jua kidogo, siku ya wafanyakazi.

Nimemwambia Wangui yote. Kisha nikamwomba anifundishe kuongea na Shiko. Yeye alijifunza zamani, shuleni kwa mtoto, siku za wazazi, wakati mimi nilikuwa dukani. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akalia kidogo. Kisha akaniambia ninyooshe vidole, nisivikunje kama mtu anayehesabu misumari. Tumekubaliana Shiko asijue kwanza, kwa sababu sitaki anionee huruma.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Nimejifunza maji, kesho, kazi, samahani. Vidole ni vigumu kama vya maiti.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Nimesahau kesho.

Jumamosi, 9 Mei

Mawingu. Fundi amepiga simu kwamba kifaa kimepatikana. Nimemwambia asije kwanza.

Nimemwandikia Shiko: Waje. Akauliza kwa nini sasa. Nikamwandikia kwamba nilikuwepo Jamhuri, kwamba nilisimama peke yangu baada ya sala, kwamba nilimwona mtoto yule akimwamsha mama yake. Alisoma, akafunika mdomo. Akaandika: Ni wewe mzee wa koti! Mama Max amewasimulia watu wote habari zako.

Akaketi kwenye zulia. Tulitazama filamu ya wavuna chumvi, wote wawili kwa macho. Nimefurahi leo na sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua ya mawe, dakika chache.

Nilisahau kwamba nyumba hii haina kichwa kimoja. Siku ya wageni kama hawa, kwa mila yetu, baba wa msichana haongei. Huketi na kunyamaza, na nduguye ndiye husema kwa niaba ya ukoo, maana baba akiongea mwenyewe itaonekana anamtoa binti kwa tamaa. Kwetu msemaji ni kaka yangu Norman, na Norman hajapenda.

Alikuja, akanywa chai, akaweka kikombe.

"Viziwi wawili, Haron," akasema. "Mtoto akilia usiku, nani atasikia?"

Maneno yangu yenyewe, hata mpangilio wake. Nilisikia jinsi yanavyosikika yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na sikuyapenda. Nikamweleza taa, nikamweleza shavu. Akasema mambo ya filamu ni ya filamu. Mwisho amekubali kuongoza siku hiyo kwa sharti moja. Shiko ataitwa katikati na kuulizwa, kama wasichana wote, iwapo anawajua wageni hawa na iwapo tupokee walichobeba. Akijibu waziwazi, ukoo utapokea. Jibu likiyumba, au lisipoeleweka, wageni watakunywa chai na kurudi. Kuna mkalimani kanisani, binti anayeitwa Ivyne. Nimemwomba aje, amekubali.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua. Wangui amenifundisha maswali mawili ya Norman, kwa udadisi tu, nasema. Usiku nilijikuta nikiyarudia chini ya blanketi, akaniambia nimpige kiwiko mtu mwingine.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua haijakatika tangu jana. Wanaume wa kamati ya kanisa wametufungia turubai. Mito inasemekana imejaa. Shiko ameoka keki tatu na hawezi kukaa kitako.

Jumamosi, 30 Mei

Mvua mpaka saa tano, kisha ukungu.

Wageni walifika wamelowa, magauni yamekunjwa hadi magotini, wakiimba. Kalekye alinisalimu kwa mkono, akanitazama, akatazama koti langu. "Mvua ilikuachia, Mzee?" akauliza, na hakusema zaidi. Maxwell alikuwa na suti ya kijivu. Waliketi upande mmoja wa turubai, sisi upande wa pili, wazee wa ukoo mstari wa mbele na Norman katikati yao na fimbo yake. Mimi niliketi kando yake, mdomo umefungwa, kama inavyotakiwa.

Saa sita Ivyne akapiga simu. Maji yamevuka barabara, magari yamesimama pande zote mbili, hawezi kuja.

Wangui akasimama aseme yeye. Norman akamkatalia kwa heshima: mama wa msichana hawezi kuwa mdomo wa msichana, watu watasema amemlisha maneno. Kalekye naye ni wa upande ule. Mtu akapendekeza waandikiane kwenye simu. Mzee mmoja akasema binti haozwi kwa simu. Wakaanza kujadiliana, sauti juu ya sauti, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na Shiko ameketi katikati kwenye kiti kilichotandikwa leso, macho yakiruka kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, bila kupata hata mmoja. Maxwell alikuwa ameinamia ardhi. Tangu asubuhi hakuna aliyemwambia lolote, isipokuwa mama yake kwa kuibia.

Norman akagonga fimbo. "Tuahirishe," akasema. "Mvua za masika zikiisha tutawaita."

Kila mtu pale alijua maana ya kuitwa mvua zikiisha. Kalekye alikuwa tayari anakunja shali yake.

Nikasimama. Norman akanishika koti. "Haron. Baba haongei."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikafunga mdomo sawasawa, hata wazee wote wakaona umefungwa. Nikatembea mpaka mbele ya Shiko, nikainua mikono.

Nilimuuliza polepole kama anawajua watu hawa. Nilikosea katikati, nikarudia. Shiko hakunisaidia, alikuwa amegandisha macho kwenye vidole vyangu, midomo wazi. Alikuwa hajawahi kuniona nikisema sentensi nzima. Nikamuuliza la pili, kama tupokee walichobeba.

Machozi yalimtoka kabla ya jibu. Kisha akajibu, na akajibu polepole ili niweze. Alisema anawajua. Alisema tupokee. Halafu akaniuliza swali lake, ambalo si la mila: na wewe, baba, umekubali?

Nikamwambia nimekubali. Hilo sikulikosea.

Hakuna mzee aliyeweza kusema nimemlisha Shiko maneno, maana kila mmoja wao alijua nilivyompinga Maxwell tangu Machi. Norman alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nikawatazama wazee. Niliona kwamba katika nyumba hii, kwa mara ya kwanza, mimi ndiye ninayeulizwa Shiko amesema nini. Na mtu anayepitisha neno la mwingine haongei lake.

"Amesema anawajua," nikawaambia. "Amesema tupokee."

"Na wewe ulimwambia nini pale mwisho?"

"Kwamba tumekubali."

Norman akafikiri. Mila inataka msemaji wa ukoo alitoe neno hilo yeye mwenyewe, mbele ya bwana harusi, ndipo lishike. Akamtazama Maxwell aliyeinamia ardhi. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akampa fimbo yake mzee wa kando, akanigeukia.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha, mara moja, na mara ya pili taratibu. Kaka yangu akasogea hadi mbele ya wageni, akaikunja mikono ya koti lake, akaanza kulitoa neno la ukoo kwa vidole vilivyopinda, vibaya kuliko vyangu. Kalekye akamgusa mwanawe goti, na Maxwell akainua kichwa.